Kunguru Mng'avu: Mhadhara kwa Wasiojua Kilatini

Waheshimiwa, nimekubali kutoa mhadhara huu kwa sababu hapa nchini hakuna mwingine anayeuweza. Nimechunguza suala hilo mwenyewe na kuafikiana nami. Mada ni jina la kitaalamu la kunguru mwenye shingo ya kijivu, yule anayepora samaki sokoni Dar es Salaam na kutoboa mifuko ya taka Mombasa: *Corvus splendens*. Wenye elimu ya kuchungulia kamusi wakisikia kwamba *corvus* ni kunguru na *splendens* ni mwenye kung'aa, huangua kicheko. Wanacheka bure. Jina la kisayansi si cheti cha tabia njema. Ni kitambulisho, na kitambulisho hakiulizwi kama mwenyewe anaswali.

Ushahidi ninao. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus alimwita ndege mmoja wa peponi, wa huko New Guinea, *Paradisaea apoda*, yaani asiye na miguu, kwa kuwa ngozi zilizoletwa Ulaya na wafanyabiashara zilikuwa zimekwisha kukatwa miguu. Ndege ana miguu yake miwili, na jina halijabanduka hadi leo. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, ni *Corvus albus*, “mweupe”, ilhali kichwa, mabawa na mkia ni vyeusi tititi. Mtoa jina hushika kilichomvuta jicho, basi. Ndivyo alivyofanya Mfaransa Vieillot mwaka 1817, alipompa *splendens* jina lake. Na asiyemsadiki amtazame mshtakiwa juani, saa nne asubuhi, akiwa juu ya bati: mgongo ule mweusi hutoa samawati, mara zambarau, mara kijani. Anang'aa! Kwamba muda huohuo mdomoni ana kifaranga cha mtu ni suala la polisi, si la Kilatini.

Atainuka mtu aseme: basi jina libadilishwe, tumwite mwizi kwa Kilatini kinachomstahili. Ombi hilo limekataliwa kabla halijaandikwa. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazifuti jina kwa kosa la kutofaa, na zina busara karibu sawa na yangu. Tukianza kufuta kila jina lisilomstahili mwenyewe, hatutaishia kwa ndege. Vyeo vingi vitatetereka, na mimi sitaki kuhojiwa kuhusu cha kwangu.

Mwingine, mzalendo, atauliza kwa nini tusiseme “kunguru” tukamaliza. Kunguru yupi, bwana? Dar es Salaam wanasema kunguru wa Zanzibar. Wengine wanasema wa Bara Hindi, alikotoka kweli, maana aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka. Kila mji unamsukumia jirani. Kilatini hakina jirani wa kumsukumia, ndiyo maana jina ni hilohilo Colombo, Muscat na Mombasa. Ila liandikwe kwa adabu: *Corvus* kwa herufi kubwa, *splendens* kwa ndogo, yote kwa mlalo. Kuyapa maneno yote mawili herufi kubwa ni kuvaa kofia mbili kwa mpigo.

Na msidhani huu ni mchezo wa wasomi. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja wa aina hii, kwa kuwa wanakula mayai na makinda ya ndege wa asili. Sumu haisomi, lakini anayeitega anasoma. Akiandikiwa “kunguru” tu, *albus* mwenyeji atahukumiwa kwa makosa ya mgeni, kwa kosa la kuchangia jina la ukoo. Akiandikiwa *splendens*, anajua amtazame shingo kwanza. Kwa hiyo kila kunguru mwenye kifua cheupe atakayesalimika pwani ana deni kwa Kilatini, na kwa kuwa Kilatini hakina akaunti ya benki, nipo tayari kupokea kwa niaba yake.