Heko, Bibi Mfitini

Wapenzi wa filamu na tamthilia za Kihindi tuna kila tabia njema isipokuwa shukrani. Tunamsifu Shah Rukh Khan kwa kutandaza mikono, tunalia na mama aliyepofuka, tunamwombea heri mkamwana aliyetolewa nje usiku wa mvua na sanduku lake. Lakini yule anayetuweka mbele ya televisheni jioni baada ya jioni, mpaka mboga ikashika chini, hatujawahi kumwambia hata asante. Namsema mfitini: yule wifi, mavyaa, mchumba wa zamani au binamu wa mbali anayesimama nyuma ya pazia, sikio chumbani kwa watu, unyusi mmoja juu. Deni lake limekuwa kubwa, na leo naanza kulilipa.

Tuanze na nasaba, maana kwetu mtu huulizwa kwanza kwao. Mfitini hakuokotwa kwenye studio za Mumbai. Bibi yake wa kale ni Manthara, kijakazi mwenye kibiongo katika Ramayana. Rama anakaribia kutawazwa, mji mzima unashangilia, na Manthara peke yake ndiye aliyekwenda kumkumbusha malkia Kaikeyi kwamba mfalme Dasharatha alimwahidi mambo mawili, naye hajayadai. Kaikeyi akayadai: mwanawe Bharata apewe kiti cha enzi, Rama apelekwe msituni miaka 14. Sasa piga hesabu. Bila Manthara, Rama angetawazwa, watu wangekula karamu, wangelala. Sita, mke wa Rama, asingetekwa na Ravana, Hanuman asingekuwa na sababu ya kuvuka bahari hadi Lanka, na kusingekuwa na safari ya kurudi nyumbani ambayo Wahindu wengi huikumbuka kwa taa za Diwali. Utenzi mkubwa kiasi hicho umetoka kwenye ulimi wa kijakazi mmoja, na hata hivyo hakuna anayempa binti yake jina la Manthara.

Ramanand Sagar alipoileta Ramayana kwenye televisheni ya taifa ya India, Doordarshan, mwaka 1987, Jumapili asubuhi barabara zilikuwa nyeupe, watu wote wako mbele ya seti. Nafasi ya Manthara alipewa Lalita Pawar, na hakuna aliyeistahili kuliko yeye. Mwaka 1942, akiwa msichana wa kuigiza nafasi za warembo, mwenzake alimzaba kofi lililozidi kipimo wakati wa kupiga picha. Uso ukapooza upande mmoja, na jicho la kushoto halikurudi tena kama lilivyokuwa. Mwingine angefunga virago. Yeye alilitumia jicho lile lile kujenga ufalme mpya: akawa mavyaa wa mavyaa wote, mtu ambaye akimtazama tu mkamwana anayepakua chakula, mtazamaji naye anajihisi kazidisha chumvi. Na asije mtu akadhani ubaya ule ulikuwa wake wa kuzaliwa: katika Anari ya mwaka 1959 aliigiza mama mwenye nyumba mwenye moyo wa huruma, akapewa tuzo ya Filmfare.

Wanaume nao wamo ukoo huu. Katika Sholay ya mwaka 1975, mashujaa walikuwa wawili, Dharmendra na Amitabh Bachchan, lakini maneno waliyoyakariri watu mitaani yalikuwa ya jambazi Gabbar Singh, aliyeigizwa na Amjad Khan. Kampuni ya biskuti ilipotafuta uso wa kutangazia biskuti za watoto, ilimchukua Gabbar. Watoto wakala, wala hakuna mzazi aliyeuliza kwa nini mwuaji ndiye anayesimamia chai ya jioni. Wenzetu waliokuwa wakienda Majestic pale Mji Mkongwe, au sinema za Mombasa na Dar es Salaam, wanalijua jambo hili vizuri: steringi hafi, hilo tunalijua kabla ya kukata tiketi. Kwa hiyo wasiwasi wote, jasho lote la viganjani, analileta adui.

Tuje kwenye kazi. Tazama nyumba yoyote ya tamthilia, kisha uniambie nani ana shughuli humo. Wanaume ni wafanyabiashara, lakini biashara yenyewe hatuijui. Tunachoona ni mafaili ya kutia saini na suti ya kushukia ngazi. Wanawake wanalala na dhahabu shingoni na kuamka wanja ukiwa pale pale. Bibi mkubwa yuko kwenye kochi, anashika kifua. Mzigo wa nyumba ile unabebwa na mtu mmoja. Ndiye anayeamka mapema akabadilishe dawa kwenye chupa. Ndiye anayejua funguo za kabati ziko wapi, nani kampigia nani simu, cheti gani cha hospitali kinaweza kughushiwa na kwa bei gani. Atapita benki, kwa wakili na kwa jambazi wa kukodi kabla ya chakula cha mchana, na akirudi hakuna hata unywele uliohama.

Wala ratiba yake si ya mchezo. Tamthilia hizi hurushwa siku tano na zaidi kwa wiki, na takwimu za watazamaji hutolewa kila wiki. Zikishuka, waandishi hawaendi kwa mwema, maana mwema hana jipya. Jana alisamehe, leo anasamehe, kesho yumo katika kusamehe. Wanamkimbilia mfitini. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilianza Julai 2000 kwenye Star Plus na kumalizika Novemba 2008, sehemu 1,833. Mihir, mume wa Tulsi, shujaa wa hadithi, alipata ajali, akadhaniwa amekufa, kumbe amepoteza kumbukumbu. Jambo dogo: angeoneshwa picha ya harusi, angekumbuka, angerudi kwake akale. Ni Mandira, daktari aliyemtibu na kumpenda, aliyeyaokoa maisha ya waigizaji, wapiga picha, mafundi taa na wapishi wa seti nzima kwa kumtaka mgonjwa abaki wake. Daktari gani mwingine ametoa ajira kwa watu wengi hivyo kwa kukataa tu kumruhusu mgonjwa mmoja?

Na umaridadi? Komolika wa Kasautii Zindagii Kay, aliyeigizwa na Urvashi Dholakia, hakuingia chumbani, alitangazwa. Kwanza inasikika sauti inayoimba jina lake, ndipo unaona bindi kubwa iliyojaa kipaji, kisha kidole kinachozungusha nywele taratibu, na mwisho kabisa tabasamu la mtu anayejua jambo usilolijua. Prerna, shujaa wa hadithi, alikuwa na machozi tu. Ukiwauliza walioiangalia, watakueleza blauzi za Komolika moja baada ya nyingine. Za Prerna wataomba muda wafikirie.

Wabishi watasema: pamoja na yote hayo, mfitini ni mharibifu. Nawaita mahakamani na vielelezo viwili, vyote kutoka nyumba moja, Saath Nibhaana Saathiya. Kielelezo cha kwanza: Rashi, mkamwana mwenye choyo, aliingia jikoni, akazitoa dengu kwenye presha kuka, akairudisha tupu juu ya moto ili mwenzake Gopi alaumiwe. Hasara yote: dengu. Kokila, mavyaa wa Gopi, akawahoji wote wawili nani alikuwa jikoni, kwa uzito ambao majaji wengi hawaupati hata katika kesi za mauaji. Mwezi Agosti 2020 mwanamuziki Yashraj Mukhate akayatia mahojiano yale mdundo, India nzima ikacheza. Kielelezo cha pili: Gopi, yule mwema, asiye na hila hata chembe, aliiona kompyuta mpakato ya mumewe ina vumbi. Akaichukua, akaisugua kwa sabuni na maji, akaisuuza, akaianika kwenye kamba pamoja na nguo. Kwa mapenzi! Sasa niambie, ukiambiwa uishi na mmojawapo, utachagua nani? Mimi dengu nitanunua nyingine.

Tena wema wenyewe unamdai mfitini kuliko mtu yeyote. Subira ya mkamwana tungeijuaje kama hakuna wa kumjaribu? Angekuwa mwanamke anayekaa vizuri katika nyumba kubwa, kama walivyo wengi, wala hakuna kamera ingemfuata. Kila mshumaa wa utakatifu wake umewashwa na mkono wa adui yake. Mtakatifu huyo huyo, siku fitina ikifichuka, hunyoosha kidole kuelekea mlangoni na kusema toka. Hata asante ya heshima hakuna.

Faida kubwa zaidi, hata hivyo, iko huku kwetu, upande wa pili wa kioo. Tangu Zee World ianze kurushwa Afrika mwaka 2015, sebule nyingi zimempokea Aaliya wa tamthilia ya Twist of Fate, dada yake Abhi, wifi asiyechoka kumchimba Pragya, mke wa Abhi. Jioni moja dada yangu alikuwa amekuja kututembelea, na ziara yake ilikuwa imeshapita ule muda ambao mgeni hupewa jembe. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, macho kwenye televisheni.

"Hivi huyu Aaliya kwake hana?" akauliza, akiuelekea mchele.

Dada yangu akavuta mto vizuri mgongoni. "Kwa kaka yake ndiko kwao, wifi. Mke ndiye aliyekuja."

"Aliyekuja ndiye anayepika."

"Basi apike vizuri, ndiyo maana anasemwa."

Mimi nikaanza kutafuta rimoti, ingawa nilikuwa nimeikalia. Kwenye skrini radi ilipiga ndani ya nyumba isiyo na wingu, uso wa Pragya ukaoneshwa mara tatu, ukafuata wa Abhi mara tatu, na wa kila aliyekuwepo. Tangazo la sabuni lilipoingia, mawifi wawili wakatazamana, wakaangua kicheko, na usiku ule tulikula kwa amani ambayo haikuwahi kuwepo wiki nzima. Kesho yake dada akaulizia basi la asubuhi. Hakuna kikao cha ukoo kingemaliza jambo lile bila mtu kususa. Pwani tulikuwa na mipasho ya taarabu na maandishi ya kanga kwa shughuli hii hii, na zote zina hatari moja: anayelengwa anajua. Mfitini wa Kihindi amejitolea kulengwa badala yake. Unamtukana yeye, anasikia mwingine, na hakuna wa kukushitaki.

Wazazi wana hofu kwamba watoto watajifunza ubaya. Hofu hii haina msingi, kwani mwalimu wa ubaya dhaifu kuliko huyu hajazaliwa. Mpango wake wote huusema kwa sauti, peke yake, mbele ya kioo, mlango wazi. Barua ya siri haichomi. Huichana vipande vinne akavitupa kwenye kapu ambalo mfagiaji atalimwaga mbele ya mavyaa. Sumu huitia kwenye glasi moja kati ya sita zinazofanana, kisha huiweka sinia mezani na kwenda kuongea na simu. Mtoto akizingatia somo hili, atatoka akiwa mwaminifu kwa kukosa njia nyingine.

Lipo moja tu ninalomlaumia, na si kosa lake: kutubishwa. Tamthilia ya Balika Vadhu ilifanya kazi hii kwa adabu. Dadisa, bibi mkali aliyeigizwa na Surekha Sikri, alilainika polepole, mwaka hadi mwaka, ukaona moyo wa mtu unavyogeuka. Lakini kwingine kote mfitini aliyetia watu sumu, akaghushi wasia na kuiba mtoto hospitalini, anapigwa kofi moja katika sehemu ya mwisho na kuamka malaika. Miaka saba ya kazi inafutwa kwa dakika ishirini. Mstaafu wa cheo kile alipaswa kuondoka na kiinua mgongo na sherehe, akiwa bado na unyusi wake juu.

Haki, kwa bahati, hutoka hata kwa kuchelewa. Smriti Irani, aliyekuwa Tulsi, mwema wa wema, aliingia baraza la mawaziri la India mwaka 2014, kwa kuteuliwa. Urvashi Dholakia, aliyekuwa Komolika, alishinda shindano la televisheni la Bigg Boss mwanzoni mwa mwaka 2013, kwa kura za watazamaji wenyewe, watu walewale waliomlaani miaka yote ile. Nafsi ya mtazamaji iko kwenye kura. Hadharani tunamlilia Prerna.

Anayeona nimepotoka nampa kazi nyepesi. Aandike tamthilia ya ukoo ambamo mavyaa anampenda mkamwana, wifi hukaa kwake, mume akipata ajali anapelekwa kwa daktari mwenye maadili, na dengu zote zimo kwenye presha kuka. Airushe siku tano kwa wiki. Sehemu ya kwanza nitaiangalia kwa heshima. Ya pili asinisubiri. Nitakuwa stesheni nyingine, nikimtafuta mwanamke aliyejibanza nyuma ya pazia.