Amplifaya ya Bei Mbaya: Itundikie Kanga Kwanza

Ukitaka kununua amplifaya ya bei mbaya, macho yako yaache nyumbani. Nalisema hili kwa mapenzi, maana nimewaona watu wenye akili zao wakilipa mamilioni kwa ajili ya taa ya buluu.

Unaingia dukani. Upande mmoja ipo McIntosh MA8900, iliyotengenezwa Binghamton, jimbo la New York: kioo cheusi, mita mbili za buluu, mishale inaruka kwa kila pigo la ngoma. Upande wa pili ipo Hegel H190 ya Norwe, boksi jeusi lenye vitufe viwili vya kuzungusha, basi. Kabla muuzaji hajaweka wimbo, moyo umeshachagua. Pilau ikipakuliwa kwenye sinia la shaba hunoga kabla haijafika mdomoni, na mambo ya amplifaya ndiyo hayo hayo. Kwa hiyo tunaanza na kanga.

Chukua kanga, jina lake lolote, uitundike kwenye kamba mbele ya meza yenye mashine, iwe pazia. Usiitandike juu ya mashine yenyewe, itakosa hewa na kuchemka. Spika zibaki mbele ya pazia, wewe ukae kwenye kochi. Nyuma ya pazia mweke mtu asiyejali kabisa habari hizi, shemeji kwa mfano, umpe kazi moja: kurusha sarafu. Kikija kichwa, aunganishe mashine ya kwanza. Ukija mwenge, ya pili. Aandike kwenye karatasi yake, nawe uandike kwenye yako unayodhani inapiga. Mrudie mara 10, kisha mlinganishe karatasi. Ukipatia mara tano au sita, umebahatisha. Ukipatia tisa, masikio yako yamesema kitu, kwa sababu kwa kubahatisha tu mtu hufikia tisa au zaidi karibu mara moja katika majaribio 100.

Ila kuna hatua ambayo wengi huiruka, na ukiiruka kanga yote ni kazi bure. Mashine mbili lazima zipige kwa ukubwa ule ule wa sauti. Ya kwanza ikizidi kwa nusu desibeli, sikio halitambui kwamba sauti imeongezeka. Linasema tu kwamba hiyo ina uhai zaidi. Azima mita ya fundi umeme, iweke upande wa volti za AC, gusisha ncha zake kwenye tundu za spika, piga mlio mmoja wa hezi 100, zungusha sauti polepole mpaka mita isome 2.00. Bandika kipande cha utepe pale kitufe kilipofika. Rudia kwa mashine ya pili. Zikipishana zaidi ya volti 0.02, rekebisha tena. Na shemeji azime mashine kila anapohamisha waya, maana nyaya za spika zikigusana umeme ukiwa unapita, jaribio linaweza kuishia kwa fundi.

Mwaka jana tulifanya hivi Kinondoni, sebuleni kwa jamaa yangu aliyekuwa ameazima mashine mbili na kuapa kwamba moja ina “joto” ambalo nyingine haina. Tuliweka taarabu ya Culture Musical Club, kwa sababu kanuni yao ni chombo cha nyuzi kigumu kukidanganya: kila uzi unapopigwa, unausikia ukali wake wa kwanza na jinsi mlio wake unavyofifia. Alipatia mara sita. Alikaa kimya kidogo, akaomba turudie. Mara ya pili alipatia nne. Joto lilikuwepo, lakini lilikuwa la Dar es Salaam mwezi wa pili.

Hakuwa wa kwanza. Januari 1987 jarida la Stereo Review la Marekani lilichapisha jaribio kama hilo: wasikilizaji 25, wengine wanaoamini na wengine wasioamini, na amplifaya sita, kuanzia ya dola 220 hivi hadi ya dola 12,000. Kwa ujumla walishindwa kuzitofautisha. Hilo halina maana kwamba amplifaya zote ni sawa. Maana yake ni kwamba mashine nzuri, ikiwa haijazidiwa na spika, hupitisha muziki bila kuongeza lake. Tofauti huanza pale mashine inapozidiwa, na hapo ndipo fedha yako inapopaswa kwenda.

Sasa wati. Naim Supernait 3 ya Salisbury, Uingereza, ina wati 80 kila upande. Hegel H190 ina 150. Muuzaji atakuonyesha kwa vidole kwamba ya pili ni karibu mara mbili ya ya kwanza. Kwa masikio, tofauti hiyo haifiki desibeli tatu, na ili sauti isikike kubwa maradufu unahitaji kama 10, yaani wati mara kumi. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa desibeli 87 kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Kwa mazungumzo na muziki wa jioni, mashine yako ya wati 150 itakuwa ikitumia wati moja au chini ya hapo. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa 3020, amplifaya ya wati 20 tu na ya bei ya chini, nayo ikawa miongoni mwa zilizouzwa sana duniani, kwa kuwa ilimudu spika ngumu kuliko karatasi yake ilivyosema.

Kwa hiyo kwenye karatasi angalia mstari mwingine: mashine inatoa wati ngapi kwa omu 8, na ngapi kwa omu 4. Luxman L-509X ya Japani inatoa 120 kwa omu 8 na 220 kwa omu 4. Karibu maradufu, maana yake mkondo wa umeme upo wa kutosha hata spika ikidai. Kama spika zako zinashuka mpaka omu tatu kwenye besi, namba hiyo ina thamani kuliko mita za buluu.

Namba ya kuiacha ipite ni ile ya udhibiti wa spika (damping factor), yaani omu za spika zikigawanywa kwa omu za ndani ya mashine. Hegel iliitangaza H190 kwa zaidi ya 4,000. Piga hesabu. Omu 8 ukizigawa kwa 4,000 unapata omu 0.002 ndani ya mashine. Lakini kati ya mashine na spika umeweka waya. Mita tatu za waya wa milimita 2.5 za mraba, huo huo ambao fundi umeme anavutia soketi, zikienda na kurudi zina omu kama 0.04. Waya peke yake ni mara 20 ya kile unachokilipia, na 4,000 yako imeshuka mpaka 190 hivi kabla haijafika kwenye spika. Hata hiyo 190 inatosha na kubaki. Waya wa fundi umeme nao unatosha. Wa dola 500 mwachie aliyeutengeneza.

Kisha kuna amplifaya za daraja A (class A), na hapa naomba sana mtu wa pwani anisikilize. Accuphase E-650, ya Japani pia, hutoa wati 30 kwa kila upande katika daraja A. Ni mashine nzuri, imeundwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini daraja A halizidi ufanisi wa nusu kwa nusu hata kwenye vitabu, hivyo inameza zaidi ya wati 120 tangu ulipoiwasha, wimbo uwe unapiga au haupigi. Umeme huo wote unakuwa joto. Oslo mwezi wa kwanza ni neema. Tanga mwezi wa pili utawasha feni kuipoza sebule, na feni itapiga kelele juu ya muziki ulioununulia mashine. Isitoshe, mjusi anapenda vuguvugu la usiku na matundu ya juu ya mashine yanamtosha. Hewa ya chumvi nayo hula viunganishi. Weka mashine mbali na dirisha la baharini, na usiisukumie kabatini.

Mwenye santuri aulize kama kuna njia ya santuri ndani. Supernait 3 inayo, Luxman inayo, McIntosh inayo. Hegel H190 haina, na kwenye Accuphase ni kadi ya kununua pembeni. Mwenye muziki wa simu na kompyuta ageuze swali: Hegel na McIntosh zinapokea dijitali zenyewe, Naim na Luxman hazipokei.

Jambo la mwisho ndilo lililonitia uchungu zaidi, kwa sababu nimeliona likitokea. Mashine iliyouzwa kwa soko la ndani la Japani ni ya volti 100. Ya Marekani ni ya volti 120. Soketi za Tanzania ni volti 230. Aliyeleta mashine kwenye kontena hakwambii, pengine hata yeye hajui. Unaichomeka, unasikia mlio mfupi, unanusa varnishi iliyoungua, na fedha ya bodaboda tatu imekwenda. Stabilaiza haikusaidii hapo. Inasawazisha 230, haiigeuzi kuwa 100. Unahitaji transfoma ya kushusha, tena kubwa kuliko mahitaji ya mashine yenyewe.

Kwa sebule ya kawaida ya pwani, spika za omu 4 na muziki wa simu, mimi ningechukua Hegel. Kwa mwenye santuri, Luxman, ikiwa mjini kwake yupo fundi wa kuifungua. Lakini ikiwa kwenye kanga hukufikisha tisa, chukua iliyo rahisi kati ya mbili ulizozijaribu, na fedha iliyobaki ongezea kwenye spika. Na yoyote utakayoichagua, kabla hujalipa igeuze, usome kibandiko cha nyuma kwa macho yako mwenyewe: 230V.