Mwongozo wa Kuipeleka Familia Nzima Bagamoyo na Kurudi Nayo

Umeamua kuwapeleka babu, bibi, watoto, wajukuu na wale wawili ambao hakuna anayejua wanaingiaje kwenye ukoo, wikiendi moja, wakaone makumbusho na ngoma Bagamoyo, kisha wanyama Saadani. Hongera. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 70 hivi, lami tupu. Mtu peke yake huenda na kurudi siku hiyohiyo, na jioni akawahi taarifa ya habari. Wewe hutakuwa peke yako. Fuata hatua hizi.

Kwanza, fungua kundi la WhatsApp. Tangaza mchango na tarehe ya mwisho. Utapokea "Amina" kumi na kitu, picha ya maua yenye maandishi ya Jumamosi njema, na ujumbe mrefu wa sauti wa shangazi usio na shilingi ndani yake. Usitaje jina la asiyechanga. Andika "wachache wetu bado". Kila mtu atajua ni baba mdogo, na baba mdogo atakuwa wa kwanza kuwahimiza hao wachache wajitahidi. Angalizo: mchango ukitimia kabla ya safari, kagua salio lako. Umeutimiza wewe.

Pili, panga saa ya kuondoka. Ukitaka kuondoka saa tatu, tangaza saa kumi na mbili kamili. Neno "kamili" lisikosekane, kwani wazee huliheshimu. Babu atakuwa kibarazani tangu saa kumi na moja, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo mkononi, macho getini. Wengine wanajua umeweka saa za akiba, nao wamezilalia. Anayechelewa usimuulize yuko wapi. Atajibu yuko njiani, na hatakuwa amesema uongo: kutoka bafuni kwenda chumbani nako kuna njia.

Tatu, panga viti vya Kosta. Fanya kazi hii ukiwa umekunywa chai. Kiti cha mbele ni cha babu. Usimwulize kama angependa kukaa hapo. Swali linaonyesha kwamba kulikuwa na mawazo mengine. Bibi akae nyuma ya dereva, apate kumwambia apunguze mwendo. Mkwe wa kiume asikae jirani na mama mkwe, wala wasipishane kwenye ule ujia mwembamba. Kwa hiyo mkwe aingie wa kwanza, aende nyuma kabisa, apokee kila tuta mgongoni, na ashukuru. Mawifi wasiosemezana waweke pamoja, maana kuwatenganisha ni kutangaza. Dirisha apewe mtoto anayetapika, si anayelia. Angalizo: ukishamaliza, bibi atasema pale alipo haoni vizuri. Mtashuka wote na kuanza upya.

Nne, njiani. Mmebeba pilau kwenye hotpoti, chapati, mayai ya kuchemsha na chupa mbili za chai. Hicho ni chakula cha mchana. Kitaisha Tegeta. Baadaye usiulize nani anataka kuchimba dawa. Hakuna atakayejibu mbele ya wakwe. Sema gari limechemka, lipumzike kidogo. Watashuka wote, hata aliyekuwa anakoroma. Mkumbushe dereva kwamba kibao cha 50 ni cha kweli, hasa pale ambapo hakuna nyumba, hakuna mtu, na kuna mwembe wenye kivuli cha kumtosha trafiki na tochi yake. Angalizo: baba mkubwa anafahamiana na mkubwa fulani. Mzuie asishuke kuzungumza. Faini itakuwa ileile, ila mtailipa baada ya nusu saa.

Tano, Caravan Serai, ilipokuwa kambi ya misafara. Mwongozaji ni kijana mweledi, na ataanza kueleza jinsi wapagazi walivyotembea zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bara, wengi wao Wanyamwezi, wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Hapo babu, aliyezaliwa Tabora, atasafisha koo. Mpishe. Atamwuliza kijana ni mtu wa wapi. Kijana akijibu kuwa ni Mzaramo, ziara imekwisha, kwa kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na utani huo wengi huuhusisha na misafara hiyohiyo iliyoonyeshwa ukutani. Babu atamdai mizigo ambayo babu zake hawakulipwa. Kijana atamjibu kwamba walilipwa, wakanywea. Watacheka hadi kufuta machozi, nawe hutafika chumba cha pili. Angalizo: babu ataondoka na namba ya simu ya kijana. Andaa kiti kimoja cha ziada.

Sita, Misheni na Kaole, siku hiyohiyo, kwa sababu ratiba uliiandika ukiwa na moyo mwepesi. Misheni ilianzishwa na Wamisionari wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Hapo ndipo mwili wa mpelelezi Livingstone ulipofikishwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba miezi kadhaa kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Nyinyi hamkufika Mapinga bila kuulizana nani kalipia mafuta. Usiseme hivyo kwa sauti. Kaole kuna magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, makaburi ya kale, na mbuyu ambao waongozaji husimulia kwamba anayeuzunguka huongezewa miaka. Watoto watauzunguka mpaka wajihakikishie karne nzima. Bibi atakataa. "Niongeze miaka kwa magoti haya?" Mtafutie kivuli na dafu. Angalizo: picha ya pamoja ipigeni hapo, mkijua wazi kwamba aliyepiga hatakuwemo na atalikumbusha hilo katika kila msiba.

Saba, usiku, ukumbi wa TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Kuna ngoma, maigizo na sarakasi. Bahari iko nyuma tu ya ukumbi. Kaa upande wa nje, karibu na bibi. Usimwambie anyamaze. Atamwonya mhusika kwamba mume anakuja, na ukumbi mzima utamshukuru. Ngoma ikikolea atafungua pindo la khanga, atoe noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne, aikunjue taratibu, ailambe ncha na kwenda kuibandika kwenye paji la uso la mchezaji. Magoti yaliyokataa mbuyu yatapona palepale. Kanuni haijaandikwa popote lakini wote wanaifuata: bibi akitunza, watoto wake wanatunza, shemeji akiwa amekaa, ataonekana. Angalizo: fedha hii haikuwamo kwenye bajeti. Ile ya kiingilio cha kesho ilikuwamo.

Nane, Saadani, hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara inayopakana na bahari. Wanyama huonekana vizuri alfajiri na jioni. Nyinyi mtafika saa saba mchana, kila kiumbe chenye akili kikiwa kivulini. Getini malipo yanasubiri mtandao, nao mtandao unasubiri upepo. Raia hulipa kidogo, mgeni hulipa zaidi. Hapo shangazi aliyekuja likizo kutoka Uingereza ataanza kuzungumza Kiswahili cha mithali tupu. Hakitamsaidia. Pasipoti yake ni ya kule, na Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ndani, wafundishe watoto kutulia, maana kelele hufukuza wanyama. Watoto watatulia. Baba mkubwa hatatulia. Kila kuro ataitwa swala, kila tohe ataitwa swala, na twiga atakapojitokeza mbele ya gari watakaomwona ni babu na dereva. Katika boti ya Mto Wami mtawakuta viboko na mamba, na mama mkwe atataka kujua kwa upole ni nani aliyependekeza jambo hili. Mtazame mkwe aliyekaa nyuma. Angalizo: simba yupo. Amewasikia tangu getini.

Tisa, kurudi. Wagonjwa wa gari walale, waliogombana walale, dereva asilale. Ukifika, tuma hesabu kwenye kundi jioni ileile. Hakuna atakayeisoma, lakini usipoituma wataidai. Shangazi atasema safari ilikuwa nzuri, ila mngetoka mapema. Baba mdogo atasema hivyohivyo, kisha ataahidi mchango wake mwisho wa mwezi, bila kutaja mwezi. Ndipo babu atatamka kwamba Bagamoyo ni mwanzo tu wa njia ya misafara. Desemba twendeni nayo yote, kupitia Tabora hadi Ujiji. Wote watasema "Inshallah", na utachaguliwa mwenyekiti ukiwa jikoni unasugua hotpoti. Angalizo la mwisho: usikatae. Kukataa kunahitaji kikao cha ukoo, na kikao nacho kina mchango.