Muulize Yaya: Divai Tano, Sahani Ndogo na Tumbo la Kapata

Barua zimeanza kufanana. Zinatoka Kapata, Luilu, Manika na Dilala, na zote zinazungumzia jambo moja: mkubwa wa kazini amealika watu kwenye chakula cha mchana cha klabu ya wapenda divai, pale mjini Kolwezi. Divai ni tano, za nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, na chakula ni tapas, vile visahani vidogo vya Kihispania. Walioalikwa walikwenda wakiwa wasafi na wamechana nywele, wakarudi na maswali. Yaya anajibu.

*Yaya, niliambiwa ni chakula cha mchana, nikaacha bukari nyumbani. Wakaleta zeituni tatu. Nikangoja. Wakaleta kipande cha mkate kilichopakwa nyanya. Nikangoja. Wakaleta kamba wawili waliokaangwa kwa kitunguu saumu. Nikangoja tena, watu wakaanza kuagana. Nilikosea wapi?*
*Mwenye Njaa, Kapata*

Ndugu Mwenye Njaa, ulikuwa unangoja kitu kilichokwisha kufika. Hispania mtu hula tapas huku amesimama: anakula kidogo, anakunywa kidogo, anahamia baa ya pili. Mlo wenyewe huja baadaye, saa nane au tisa mchana, na ule wa usiku hata saa nne. Kule Granada ukiagiza kinywaji tu, kisahani kinakuja bila malipo. Wewe mwenyewe hula karanga na vinkubala kwenye nganda kila Jumamosi huku unasubiri michopo iive, na hujawahi kulalamika.

Mara ijayo kula matonge machache ya bukari kabla ya kutoka. Tumbo lenye chakula hupokea pombe polepole, kwa hiyo utazuia njaa na kuokoa heshima kwa pamoja. Ukifika mezani usiulize bukari iko wapi. Omba mkate, kwa sababu kwao mkate ndio bukari: unafuta mafuta sahanini, unasindikiza kila kitu, na hakuna anayekuhesabia vipande.

*Yaya, mkubwa wangu alizungusha glasi, akanusa, akafumba macho, akasema: «Nasikia madini.» Mimi nimeyafanyia kazi madini tangu ujana. Nilinusa mpaka pua ikalowa. Sikusikia shaba wala kobalti. Je, vumbi limeniharibu pua?*
*Fundi wa Konsantratere, Luilu*

Fundi, pua yako ni nzima. Wanywaji wa divai husema «madini» wanapokutana na divai kali kidogo, yenye uchachu safi, isiyo na harufu nyingi ya matunda. Mfano ni Assyrtiko, divai nyeupe ya kisiwa cha Santorini, Ugiriki, ambako mizabibu hukua kwenye majivu ya volkano. Lakini mzabibu haunywi mwamba na kuumimina chupani. Madini yaliyomo kwenye divai ni machache mno kwa ulimi kuyatambua, na kama ungesikia shaba kweli, ningekushauri uirudishe ile chupa.

Kuzungusha glasi kuna sababu: hewa inaingia, harufu inapanda. Zungusha, nusa, kisha sema ulichonusa wewe. Ndimu? Sema ndimu. Embe bichi? Sema. Moshi wa makaa? Mvua ya kwanza kwenye vumbi jekundu la Oktoba? Hakuna atakayekubishia, maana hakuna aliye ndani ya pua yako.

Ugonjwa wako hauko puani, Fundi. Gécamines, kampuni yetu ya madini, ilitupanga kwa madaraja hata kwenye starehe: makada na klabu yao, cercle, wafanyakazi na yao. Mishahara ilipoacha kuja, madaraja hayakuondoka, yalihamia vichwani. Ndiyo maana mtu anayeendesha mashine za mamilioni ya dola anatetemeka mbele ya glasi yenye mguu. Mwaliko umeandikwa jina lako. Haukuandikwa daraja lako.

*Yaya, shemeki wangu alimimina koka ndani ya divai nyekundu mbele ya watu wote. Meza nzima ikanyamaza. Nimwombee msamaha kwa mwenyeji?*
*Dada Mwenye Haya, Manika*

Dada, usimwombee. Kaskazini mwa Hispania, kwa Wabaski, vijana huchanganya divai nyekundu na koka nusu kwa nusu, wanatia barafu, wanaita kalimotxo, na sherehe inaendelea. Hispania hiyohiyo ndiyo iliyotupa sangria, divai iliyokatiwa machungwa na kutiwa sukari. Shemeki hakuvunja sheria ya nchi yoyote ile.

Adabu aliyoikosa ni moja tu. Mwenyeji akikuchagulia divai, onja mara ya kwanza ilivyo. Huo ni mkupuo wake yeye. Inayobaki ni yako, itie koka, itie hata munkoyo ukitaka. Ila mwambie shemeki aulize bei kwanza. Kuna chupa ambazo ukizitia koka umezamisha karo ya mtoto.

*Yaya, chakula kinaanza saa saba mchana, nami naingia posti ya usiku saa kumi na mbili jioni. Getini tunapuliza kile kifaa cha kupima pombe. Wenzangu wanasema kahawa kali inasafisha. Ni kweli?*
*Dereva wa Lori Kubwa*

Si kweli, na hapa Yaya anaweka utani pembeni. Glasi ya mililita 125 yenye pombe asilimia 13 ina gramu kama 13 za pombe tupu. Divai tano, glasi tano, ni gramu 65. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo tangu glasi ya kwanza unahitaji saa sita na nusu mpaka tisa. Saa kumi na mbili jioni bado imo, na kifaa kitaisema kabla hujasalimia walinzi. Kahawa itakufanya mlevi asiye na usingizi. Ndimu itakufanya mlevi mwenye uchachu.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilishana posti na mwenzako. Ya pili ni kutema. Usicheke: waonjaji wa kazi hutema siku nzima, na ndiyo maana mezani huwekwa kile chombo ambacho jirani yako alidhani ni cha maua. Lakini anayetema naye humeza kidogo, kwa hiyo kama getini kwenu hawasamehi hata tone, kunywa maji, ule tapas, upige picha na chupa.

*Yaya, klabu imeamua kuzunguka nyumba kwa nyumba, na zamu ijayo ni yangu, hapa Kapata. Sina zeituni, sina kamba, umeme unakwenda unavyotaka. Nihame?*
*Mama wa Zamu*

Usihame, mama yangu. Mediterania ilifika Katanga zamani. Élisabethville ya wakoloni ilikuwa na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rodesi, na nyumbani walizungumza Kihispania cha kale, urithi wa mababu waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Wagiriki nao walinunua samaki wa ziwa Mweru na kuwauza kwa watu wa migodini. Kwa hiyo hawa wageni wako wenye glasi hawatuletei jipya.

Anza na makayabu. Samaki huyo wa chumvi ndiye anayepigiwa magoti kwenye baa za Barcelona. Mloweke usiku kucha, badilisha maji, mchambue, changanya na viazi vilivyopondwa, kaanga vidonge vidogo. Mpe Cava, divai ya povu ya Katalunya, kwa kuwa povu na uchachu hukata chumvi na mafuta. Sombe yenye mafuta ya mawese inataka nyeupe yenye uchachu, ile Assyrtiko ya Fundi. Vinkubala vikavu vilivyokaangwa vitapatana na rozé ya Provence iliyopoa vizuri. Michopo ipe nyekundu nzito ya Jumilla, ila pilipili iweke pembeni: pombe huamsha moto wake, na mgeni akilia mezani watasema ni divai mbaya.

Na umeme? Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke ni jirani zetu, lakini mkondo una safari zake. Chukua beseni, maji, barafu na chumvi kidogo, chupa nyeupe zikae humo nusu saa. Nyekundu nazo zizamishe dakika kumi na tano. Waliosema nyekundu hunywewa kwa joto la chumba walikuwa na vyumba vya nyuzi 16 hadi 18. Hawakuwahi kulala chini ya mabati ya Kapata mwezi wa kumi.

Majibu mafupi

*Papa wa Luilu:* Kizibo hutazamwa na kunuswa. Hakitafunwi.

*Mwanafunzi, Kolwezi:* Divai uliyosema inanuka kama mbao mbichi haikuharibika. Ni retsina, na Wagiriki huitia utomvu wa msonobari kwa makusudi. Kuipenda si lazima.

*Asiyekunywa, Dilala:* Sema «hapana, asante», uishie hapo. Sababu ni mali yako.

*Aliyekosa la kusema mezani:* Taja Château Musar ya Lebanoni, iliyoanzishwa mwaka 1930, ambayo ilivuna zabibu za bonde la Bekaa hata wakati wa vita. Mwaka 1976 ilishindwa kabisa kutengeneza divai. Aliyekuwa Kolwezi wakati wa vita vyetu vya Mei 1978 ataendeleza mazungumzo bila kusukumwa.

*Mkubwa asiye na jina, anayelalamika kwamba wafanyakazi wanakunywa divai yake bila kuielewa:* Baba, chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125, anywe kada au anywe mchimbaji. Siku uelewa wako utakapotoa ya saba, tuandikie tena.