Mgomo Wenye Ratiba

Mtu wa Goma hahitaji karatasi kupanga matembezi ya siku moja. Anayetaka kwenda Sake hufika panapojazwa magari, akakaa, akangoja wenzake watimie. Gari huondoka likijaa. Saa haina neno. Kinachoshika wakati ni jua tu: huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, huzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima.

Ubelgiji ya Novemba ni kinyume chake. Huko kila kitu kina wakati wake isipokuwa jua.

Mjomba, kama wanavyomwita wapwa zake wa Ixelles, alifika Brussels katikati ya Oktoba 2025. Alipitia Kigali, maana uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu Januari. Saa yake ya mkononi hakuigusa, wala haikumdanganya: saa za majira ya joto za Brussels na saa za Goma ni zilezile. Kisha ukafika usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 26 Oktoba, Wabelgiji wakarudisha saa zao nyuma kwa saa nzima, wakiwa wamelala, bila kumwarifu mgeni.

Jumatatu akawa wa kwanza kwenye kituo cha tramu namba 44, ile inayopita msituni kwenda Tervuren, penye Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati. Alisimama kwenye baridi saa nzima, akijisifu kwamba aliyewahi hupata kiti karibu na dereva. Mpwa wake alipokuja, walipanda, wakafika, wakakuta mlango umefungwa. Makumbusho hayo hufungwa kila Jumatatu. Wakazunguka bustanini juu ya majani makavu yaliyofika kwenye vifundo vya miguu, Mjomba akiuliza salongo, usafi wa pamoja, ya mtaa huu ni siku gani.

Safari iliyofuata aliipanga mwenyewe. Rafiki yake wa shule anaishi Louvain-la-Neuve, na jina Louvain halikuwa geni kwake. Wazee wake walilitaja tangu enzi za Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Kwenye stesheni ya Brussels, ambako kila kitu huandikwa kwa lugha mbili, aliona Leuven na Louvain pamoja. Akapanda.

Hapo ndipo historia ya Ubelgiji ilipomwangukia. Mwaka 1968 ugomvi wa lugha uliugawanya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven. Wenye Kiholanzi walibaki mjini; wenye Kifaransa walijengewa mji mpya mashambani, Louvain-la-Neuve, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 1971. Hata vitabu vya maktaba waligawana kwa namba, shufwa huku, witiri kule, kama ndugu wanaogombea sahani za marehemu. Mjomba alikuwa Leuven kwenye fungu moja. Rafiki yake alikuwa akimngoja kwenye fungu la pili, kilomita zipatazo 25 kutoka hapo.

“Panda treni ya Ottignies, kisha ubadilishe,” rafiki alimwelekeza kwa simu. Mjomba akasoma ubao. Ukishaingia Flanders, majina ya Kifaransa hutoweka: Liège inakuwa Luik, Mons inakuwa Bergen, na Lille ya Ufaransa inakuwa Rijsel. Ottignies, kwa bahati, imebaki Ottignies. Alifika Louvain-la-Neuve jioni, gizani, akakumbatiwa na mtu ambaye hakuweza kumwona uso.

Ulipotangazwa mgomo wa siku tatu, tarehe 24 hadi 26 Novemba, Mjomba alifurahi. Hili alilijua: siku ya “ville morte” unanunua mkate jana yake, unafunga mlango, unasikiliza redio. Jumatatu jioni mpwa wake akamwonyesha simu. Treni za kesho, zile chache zitakazotembea licha ya mgomo, zilikuwa zimeorodheshwa moja moja, na dakika zake.

“Mgomo una ratiba?”

“Ndiyo, Mjomba.”

“Sasa wamegoma kitu gani?”

Kwa udadisi tu, Jumanne wakaenda Oostende. Ikawa safari pekee isiyokwenda kombo, kwenda kwake angalau. Upepo wa Bahari ya Kaskazini uligeuza mwavuli wao ndani nje, na mwogeleaji hodari wa Ziwa Kivu, lenye maji ya digrii 24 hivi, aligusa wimbi kwa ncha ya kidole akarudisha mkono mfukoni.

Jua lilipokuwa likizama, kabla ya saa kumi na moja, alimpigia mkewe kwa video, amwone anavyoonewa.

“Hapa pia ndiyo linazama,” mkewe alisema, akageuza simu ielekee ziwani.

Na kweli: mwishoni mwa Novemba jua huzama Oostende na Goma kwa tofauti ya dakika chache tu.

“Kwa hiyo hujaenda mbali,” mkewe akaendelea. “Na kama uko baharini, niletee makayabu.”

Vibanda vya samaki vilikuwa vimefungwa. Makayabu, samaki wa chumvi, yalipatikana siku ya pili yake Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, karibu na uwanja wa Lumumba, kwa muuzaji aliyetaja bei kwa Kilingala na kukataa kupunguza kwa Kiswahili.