Nilivyomtunza Mwimbaji wa Chanthaburi

Mke wangu atasoma haya, kwa hiyo naanza kwa kusema kwamba mimi si mtu wa baa. Mimi ni dalali wa mawe. Kwenye karaoke ya Wathai nilifikishwa na tarakimu tatu.

Mji wa Chanthaburi uko karibu kilomita 250 kusini-mashariki mwa Bangkok, na kuanzia Ijumaa hadi Jumapili mtaa wake wa mawe hujaa kama Kariakoo siku mbili kabla ya Idi. Ila kule mambo yamegeuzwa. Mnunuzi ndiye anayekodi meza akakaa, muuzaji ndiye anayezunguka na vikaratasi vyake mfukoni, anaonyesha, anafukuzwa, anarudi. Wamo Wagini, Wamali, watu wa Sri Lanka, na wiki ile nilikuwemo mimi kutoka Arusha na tanzanaiti zangu, zimekatwa tayari na vibali vyake vyote. Kijana mmoja alizitazama kwa lupu mpaka shingo ikanichoka mimi, akazifunga, akachukua namba yangu. Usiku nikamtumia bei: dola 700 kwa karati. Haikupita dakika, jibu likaingia: 555.

Nikakaa kitandani. Moyoni nilikuwa tayari kushuka hadi 400, halafu huyu anaanzia 555? Nikajibu upesi asije akazinduka: nimekubali, tuonane asubuhi. Akanijibu: 5555555.

Ni dada wa mapokezi pale nilipolala aliyenisaidia. Kumbe kwa Kithai tano ni "ha". Tano tatu ni kicheko. Yule kijana alikuwa amecheka bei yangu, mimi nikamshukuru, naye akacheka zaidi.

Kesho yake tulimalizana kwa bei ambayo sitaiandika hapa. Nadhani alinionea huruma, maana alinialika jioni nikale naye pamoja na baba yake, ambaye, alisema, ana hamu sana ya kumwona Mtanzania. Nikamkuta mzee wa miaka sabini na ushee, shati limenyooshwa, mvi kichwa kizima. Akainuka kitini, akaunganisha viganja kifuani, akaniinamia, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Shikamoo!"

Nilitafuta pa kujificha. Mzee huyu alikuwa Tunduru miaka ya 1990, Wathai walipomiminika kule kufuata safaya za mtoni. Kila asubuhi watoto wa jirani walimwamkia shikamoo, naye akajiwekea kwamba hiyo ndiyo "habari za asubuhi" ya Waswahili. Nikamwambia, "Hapana mzee, mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Shikamoo." Akafurahi kweli. "Shikamoo!" akanirudishia. Nikamrudishia na mimi. Tukasimama pale tunarushiana shikamoo kama mpira wa chandimu, hakuna wa kuufunga.

Baada ya chakula tukaenda kuimba. Hapa lazima nieleze kwamba kuna karaoke na karaoke. Ziko za kando ya barabara kuu, zenye taa za waridi na wasichana waliokaa nje kwenye viti vya plastiki, ambako wimbo ni kisingizio. Na ziko za watu na familia zao, bibi anakula, anafuta mdomo, anapanda kuimba. Yetu ilikuwa ya aina ya pili, kwa sehemu kubwa. Sehemu iliyobaki ni dada mmoja aliyekuja kukaa nasi bila kuitwa, na kila alipomaliza glasi ya juisi nilimhimiza, kwa ule ukarimu wetu, "Kunywa dada, usione haya." Sikujua kwamba kila glasi yake inaandikwa kwenye kikaratasi, na vikaratasi vinakunjwa na kutiwa ndani ya kikombe kidogo mbele ya mgeni. Kikombe kile nilidhani ni cha vijiti vya meno.

Bia wanakunywa na barafu ndani ya glasi. Kitabu cha nyimbo kina unene wa daftari la hesabu za duka, na Kithai kimeandikwa maneno yameungana bila nafasi, kama mtu anayeogopa kuombwa kalamu. Wasioimba wanavumilia. Mjapani Daisuke Inoue, aliyetengeneza mashine yake ya karaoke kule Kobe mwaka 1971, alipewa mwaka 2004 tuzo ya amani ya Ig Nobel, ile ya mzaha, kwa kuwapa binadamu njia mpya ya kuvumiliana. Jamaa wa meza ya pili aliposhika kipaza sauti mara ya tano, nikaona kwamba mzaha ule haukuwa mzaha sana.

Ndipo akapanda yule mama. Mchana anauza duriani sokoni. Usiku ule alivaa gauni la kijani, kajipaka poda uso mzima. Akaimba luk thung, yaani "mtoto wa mashamba", muziki wa watu waliotoka vijijini kwenda kutafuta maisha mjini. Sikuelewa hata neno moja. Lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka mwishoni mwa kila mstari, inapanda, inakatika kidogo, inashuka taratibu, na mimi nimezaliwa Tanga. Mtu wa Tanga akisikia sauti inayofanya hivyo, mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Nikainuka. Nikaenda kwa mwendo wa harusini, bega hili, bega lile, noti nyekundu ya baht 100 juu kama bendera. Nikamfikia, nikambandika noti kwenye paji la uso na kuisindikiza kwa kiganja ishike vizuri.

Mama akanyamaza. Muziki uliendelea, na maneno kwenye skrini yalizidi kubadilika rangi bila mwenyewe.

Kwetu noti hushikwa na jasho. Paji lile lilikuwa la poda tupu. Noti ikateleza, feni ikaidaka, ikaruka kuelekea mlangoni, na mimi, mtoto wa watu mwenye uchungu na pesa, nikaikimbilia, nikaikanyaga kwa kisigino.

Baa nzima ikawa kimya, hadi yule jamaa wa meza ya pili.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wao: kwa Wathai kichwa ndicho sehemu tukufu ya mwili, hakiguswi ovyo. Mguu ndio wa chini kabisa, haumwelekei mtu wala kitu cha heshima. Na kila noti yao ina picha ya mfalme. Kwa hiyo katika muda wa kupiga chafya nilikuwa nimemshika mama wa watu kichwani na kumkanyaga mfalme usoni. Yule kijana alikuja akaiokota kwa mikono miwili, akaifuta, akainyoosha, huku hanitazami.

Mzee wa Tunduru akasimama. Akasema maneno marefu kwa Kithai. Mimi nilidaka "Tunduru" mara mbili tu. Uso mmoja ukalegea, wa pili ukalegea, kisha baa nzima ikaangua kicheko, mama wa duriani akicheka kuliko wote. Kijana akanitafsiria: baba anasema aliwahi kualikwa harusini Tunduru, wakamlazimisha kuimba, mara mwanamke mnene akaja akampiga kofi la usoni lenye noti. Alikasirika, akashika njia ya kurudi kwake, mpaka alipoelezwa kwamba zile pesa ni zake.

Wakanipeleka kaunta kunionyesha namna ya kule: unanunua shada, unamvisha mwimbaji shingoni. Nikanunua matatu. Mama akainama kuyapokea, akaniunganishia viganja, akasema "mai pen rai", si neno, yameisha.

Hayakuisha. Mzee alitaka "Jambo Bwana", wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa, ndio Kiswahili pekee kilichopatikana kwenye mashine. Miaka yote hii nimewakimbia wanaouimba hotelini, halafu nakuja kuuimba Chanthaburi, tena nauimba vibaya. Mama wa duriani akanivisha shada, mojawapo ya yale matatu niliyolipia mwenyewe. Simu ikalia mfukoni. Ni kijana, kutoka upande wa pili wa meza: 555.

Bili sisemi. Kikombe kilikuwa kimejaa.

Tulipoagana nje, mzee akaunganisha viganja, akainama. "Shikamoo!"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hapakuwa na Mtanzania mwingine.

"Marahaba," nikasema.

Macho yakamng'aa. Akalirudia lile neno mara mbili, akamwambia mwanawe aliandike kwenye simu, kisha akaniuliza maana yake nini.

Nikamwambia ni kwaheri.