Kutu, Mheshimiwa Asiyelala

Watu huisengenya kutu, nami naona wanaidhulumu. Nyumbani kwangu hapa Ohio hakuna mchapakazi wa kuifikia. Haidai mshahara, hula hapohapo inapofanyia kazi, na haijawahi kuomba ruhusa ya kwenda msibani.

Tulifahamiana ndani ya mtutu wa bunduki ya Springfield ya mwaka 1861, ile ya kushindilia kwa mdeki, waliyouana nayo Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Niliikuta kwenye mnada wa vikorokoro, kitako kimeoza nusu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani huihesabu bunduki iliyoundwa kabla ya 1899 kuwa kitu cha kale. Mke wangu ana hesabu yake: "Baba Salma, bomba gani hilo, hata maji halitoi?"

Kutu kwanza ilinitia adabu. Ndani mlikuwa giza tupu, na giza la mtutu si la kuchezea. Baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, nyingi bado zimeshindiliwa. Moja, inasimuliwa, ilibeba mashindilio 23, moja juu ya jingine. Basi nikatumbukiza mdeki, nikauwekea alama mdomoni, nikaulaza nje ya mtutu kupima. Ulikuwa umefika mwisho. Hamna kitu. Nikashusha pumzi.

Halafu tazama ilivyo mwaminifu kwenye karamu. Masazo ya baruti nyeusi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo askari aliyelala bila kuosha mtutu wake kwa maji ya moto alikuwa ameiandikia kutu kadi ya mwaliko. Yangu iliupokea mwaliko, ikakaa miaka mia na ushei.

Hata kufukuzwa hufukuzwa kwa heshima. Niliziba tundu la fataki, nikausimamisha mtutu uani, nikaujaza maji yenye magadi ya kufulia, kisha nikachomeka katikati ufito wa chuma cha kawaida, nimeuvisha vipete vya mpira usiguse kuta. Hasi ya chaja ya betri ya gari kwenye mtutu, chanya kwenye ufito. (Ukikosea ukazigeuza, kitakacholiwa ni mtutu.) Punde mdomo ukaanza kufura povu la rangi ya machungwa, kama uji uliosahaulika jikoni. Mapovu hayo yana haidrojeni, ndiyo maana nilimwomba jirani akavutie sigara yake upande wa pili wa ua. Jioni ufito ulitoka umevaa joho la tope, na mimi nikasugua kwa brashi hadi mabega yakaniuma.

Mifuo yote mitatu ilionekana. Vilionekana pia vishimo, vingi kama ndui, na vishimo haviondoki kwa magadi wala kwa dua. Bunduki hii haitapigwa tena. Kutu imeipokonya silaha bila mkutano wa amani na bila wajumbe kulipwa posho. Nionyesheni msuluhishi mwingine wa bei hiyo.

Nimeupaka mtutu mafuta na kuutundika sebuleni. Jana nilipitisha ndani kitambaa cheupe. Kimetoka na rangi ya chai ya maziwa.